Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, maji ya beseni la tatu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Kitinda aliandika hivyo kwenye daftari lake, akaongeza joto la maji, nyuzi thelathini na mbili, kisha akakiinua kitambaa kwa mikono miwili na kukiacha kichuruzike.

Alikuwa na jina lake, ila nyumbani alikuwa kitinda mimba, na jina hilo lilimganda hata alipofika miaka thelathini na minane akiwa na mvi mbili tatu kwenye paji. Kazi yake ilikuwa kupanga vitu vya zamani, hasa nguo na vitambaa, ndani ya chumba kitupu, mpaka mtu akiingia ahisi kuna waliokaa humo kabla yake. Shangazi yake mmoja aliwaeleza majirani kwamba mtoto wa ndugu yake amesomeshwa miaka sita ili aanike nguo za watu na kualika wageni waje kuziangalia. Maelezo hayo hayakuwa na kosa kubwa.

Safari hii nguo zilikuwa za kwao. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akiacha cherehani moja, masanduku mawili na mazoea ya kutotupa kitu chochote chenye uzi. Kulikuwa na mapazia yaliyopunguzwa na kurefushwa kufuata madirisha ya nyumba tofauti, foronya, mbeleko iliyochakaa katikati, aproni, na koti la kazi la Baba lenye viraka viwili kwenye viwiko. Familia ilikuwa imeishi katika nyumba sita za kupanga kabla ya kupata yao. Kitinda alitaka kuzijenga upya zote sita kwa vitambaa tu, moja ndani ya nyingine, katika ukumbi wa maonyesho uliokuwa zamani ghala la karatasi. Katikati kabisa, mahali pa mlango wa mwisho, pangekuwa na kile kitambaa alichokuwa akikiosha.

Kilikuwa kipande cha marekani nzito, pamba isiyotiwa rangi, upana wa mlango, urefu wa mita mbili. Mwenye nyumba ya kwanza aliwahi kuja juu kwa sababu ya alama za penseli kwenye fremu ya mlango, alama za urefu wa mtoto, akataka mlango upakwe rangi upya. Tangu siku hiyo Mama alisema watoto wake watapimwa kwenye kitu cha kwao, kitu kinachohamishika. Kitambaa kilitundikwa kwa fimbo nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi. Kila mwaka shule zilipofungwa, mtoto alisimama amekigusa kwa visigino, Baba aliweka kipimo cha pembe juu ya kichwa chake, na Mama alichora mstari kwa chaki ya fundi cherehani. Baadaye, akipata nafasi, aliupitia mstari huo kwa uzi. Wa Dada ulikuwa uzi mwekundu. Wa Kitinda ulikuwa wa njano. Baba alikuwa fundi mizani. Alizunguka masokoni akikagua kama kilo ya mtu ni kilo kweli, na hakuvumilia mtoto aliyejiinua kwa vidole.

Kitinda alipokwenda kukiomba, Baba aliupapasa upindo wake kwanza. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, jicho moja halioni kabisa na la pili linaona kwa shida. Kisha akamwambia achukue, ila kirudi kama kilivyo. Kitinda akasema kitarudi kama kilivyo.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Kila kitambaa cha zamani huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hukaushwa kikiwa kimelazwa, kisha ndipo hupigwa picha, kwa kuwa vumbi hudanganya rangi. Kabla ya kukiosha alikikagua pande zote. Upande wa mbele aliorodhesha mistari kumi na moja myekundu na kumi na minne ya njano, kila mmoja na kipimo chake. Kuhusu upande wa pili aliandika sentensi moja: “Nyuma: michubuko myeupe, imelala, hafifu. Chokaa ya ukuta.” Hakuipima.

*

Jumamosi Dada alikuja ukumbini. Alikuwa mkunga aliyestaafu mapema, amemzidi Kitinda kwa miaka kumi na minne, na ndiye aliyekaa na Baba. Alipita kwenye mapazia akitaja nyumba moja baada ya nyingine: hii ya bomba lililovuja, hii ya jirani mwenye mbwa, hii tuliyokaa miezi minne tu. Seremala, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga waya, alimuuliza kama kweli waliishi katika nyumba zisizo na kuta. Dada akamjibu kuta zilikuwepo, ila za karatasi, maana jirani akipiga chafya wao ndio waliosema pole. Seremala alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Walipofika kwenye kitambaa, Dada alipapasa nyuzi nyekundu, akazihesabu kimyakimya, akapiga hatua mbili kwenda nyuma yake. Kitinda alimwona miguu tu chini ya upindo. Miguu ile haikusogea kwa muda mrefu.

“Za Mrefu ziko wapi?”

Kitinda aliuliza alama gani za Mrefu.

Mrefu alikuwa kaka yao. Alifariki akiwa na miaka tisa, kwa homa ya siku nne, miaka miwili kabla Kitinda hajazaliwa. Alikuwa mfupi kuliko watoto wote wa mtaa, ndiyo maana Baba akamwita hivyo. Kitinda alizijua hadithi zake: karatasi alizokunja ndani ya soksi siku ya kupimwa, Mama akamvua soksi mbele ya wote. Picha yake haikuwepo. Iliyokuwepo ililowa katika nyumba ya bomba lililovuja. Hayo Kitinda aliyajua. Ambalo hakulijua, Dada alimwambia pale nyuma ya kitambaa, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

Mrefu alikuwa amekataa kushonwa. Alisema chaki inafutika na uzi haufutiki, kwa hiyo asishonwe akiwa bado mfupi; ashonwe siku atakayompita Dada. Mama akakubali. Akanunua uzi wa bluu, akauweka. Mistari yake sita ikabaki chaki tupu. Alipofariki, Mama hakuweza kuiona na hakuweza kuifuta, hivyo alikigeuza kitambaa, mbele ikawa nyuma. Mishono ya Dada ilionekana pande zote mbili. Chaki ilibaki upande mmoja, ikitazama mbao za mlango. Kila mwaka Mama alikifungua, akaipitia tena kwa chaki palepale ilipokuwa, akakirudisha. Baada ya yeye kufa hakuna aliyeipitia.

“Hukuiona?” Dada aliuliza.

“Niliiona. Nilidhani ni chokaa.”

“Ulidhani.”

“Niliandika chokaa.”

 Dada alisema yeye alidhani Mama alimwambia Kitinda. Mama, bila shaka, alidhani Dada alimwambia. Na Baba alidhani jambo la namna ile halihitaji kuambiwa mtu aliyekulia kwenye nyumba hiyo hiyo. Hivyo miaka thelathini na minane ikapita, na mtu pekee katika familia ambaye kazi yake ilikuwa kutazama vitambaa ndiye ambaye hakujua kilichokuwa nyuma ya hiki.

Seremala alishuka kwenye ngazi polepole, akasema anakwenda kutafuta misumari. Misumari ilikuwa mfukoni mwake.

Dada alikaa chini kwenye kreti. Alipozungumza tena alikuwa ameshajikaza. Baba alikuwa aje Alhamisi saa nne asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa kwa watu, ili aone bila msongamano. Kuona kwenyewe ni kwa kukisia. Kwa hiyo kuna njia, alisema Dada. Chaki ipo nyumbani, ileile ya Mama, kipande kizima kwenye kopo la vifungo. Wachore mistari sita.

“Wapi?” Kitinda aliuliza.

“Palipokuwa.”

“Wapi, Dada?”

“Mimi nakumbuka. Alikuwa ananifikia hapa.” Aliweka kiganja chini kidogo ya sikio.

“Sikio la leo?”

“Usinifanyie ukali wa shule, Kitinda. Baba haoni. Atainua mkono, atagusa, ataridhika. Mimi ndiye ninayelala chumba cha pili naye. Mimi ndiye nitakayemsikia akikohoa usiku badala ya kulia. Wewe utarudi kwenye mabeseni yako.”

 Dada alikuwa na haki kwa sehemu kubwa ya aliyoyasema, na sehemu iliyobaki haikuwa na uzito wa kubishania. Kitinda aliomba apewe mpaka Jumatano.

*

Alikishusha kitambaa, akakilaza kwenye meza ndefu, upande wa nyuma juu. Siku tatu hakufanya kazi nyingine. Alilaza taa ubavuni ili kila mkunjo utoe kivuli, akatazama kwa kioo cha kukuzia, kipande kwa kipande, kuanzia upindo wa chini. Chaki ya fundi imetengenezwa iondoke; hiyo ndiyo kazi yake. Hakukuwa na hata chembe. Alimpigia simu mwanamke mmoja aliyemfahamu, mtunzaji wa nguo katika jumba la makumbusho, akamweleza joto la maji, aina ya sabuni na muda. Yule mtunzaji aliuliza maswali manne, akasema pole. Ilikuwa mara ya kwanza Kitinda kumsikia akitumia neno lisilo la kitaalamu.

Jumanne alasiri aliona tundu. Lilikuwa dogo kiasi cha ncha ya pini, sentimita mia na ishirini na moja kutoka upindo wa chini, karibu na katikati. Mama huenda alichoma pini kwanza, kisha akachora. Kwa mistari yake mwenyewe Kitinda hakukumbuka pini. Alitafuta tundu la pili mpaka macho yakatoa machozi kwa mwanga wa taa. Halikuwepo. Maji ya vuguvugu huyafumba matundu ya pini kwenye pamba, na mdudu naye hutoboa yake.

Jambo moja liliweza kupimwa. Mwaka ambao Mrefu alipimwa mara ya mwisho, Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, na mstari wake mwekundu wa mwaka huo ulikuwepo: mia na arobaini na saba. Jumatano Kitinda alimsimamisha Dada ukutani, akapima kutoka utosini mpaka chini ya sikio, akampima binti wa msimamizi wa ukumbi, mwenye miaka kumi na miwili, akafanya hesabu mara tatu. Kama kumbukumbu ya Dada ilikuwa sahihi, Mrefu alikuwa kati ya sentimita mia na ishirini na mia na ishirini na tano.

“Si umeona?” Dada alisema. “Tundu lako limo humo humo. Ni lake.”

“Inawezekana ni la mdudu.”

“Kwa nini liwe la mdudu?”

“Kwa nini lisiwe?”

Dada alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyegoma kula akiwa mgonjwa. Kitinda alieleza kwamba kutoka mia na ishirini mpaka mia na ishirini na tano ni sentimita tano, na kwamba mtoto wa umri ule hukua sentimita tano kwa mwaka. Wakikosea kwa kiasi hicho watakuwa wamempunguzia mwaka mmoja au wamemwongezea. Alikuwa na miaka tisa tu. Na huo ni mstari mmoja. Mitano mingine hawakuwa na hata la kukisia.

Dada alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

“Basi utamwambia wewe,” alisema. “Mimi mdomo huo sina.”

Jioni hiyo Kitinda alikitundika kitambaa mahali pake. Alikaa mbele yake na kipande cha chaki alichokuta kwenye sanduku lake la kazi, akakishika mpaka vidole vikawa vyeupe. Mtu angeweza kuchora mistari sita kwa dakika nne. Alinawa mikono.

*

Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, Baba aliingia amemshika Dada mkono. Alikuwa amevaa shati la kola na viatu vilivyong’arishwa, kama mtu aliyeitwa ofisini. Kitinda alimwamkia, akaitikia, akamuuliza kama amekula. Kisha akataka aonyeshwe.

Walipita nyumba sita. Mahali ambapo jicho halikufika alitumia mkono. Alilitambua koti lake kwa viraka, akacheka kidogo, akasema fundi aliyevishona alimlalamikia wiki nzima kwamba viwiko vyake vimetengenezwa kwa msasa wa kusugulia mbao. Aligusa mbeleko akaiacha haraka. Seremala alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, bila utani wowote.

Kwenye kitambaa cha katikati Kitinda alimsimamisha kabla hajainua mkono. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Alitumia machache.

“Baba, nilikiosha. Mistari ya chaki ya nyuma imeondoka. Sikujua ni ya nani. Niliiona nikadhani ni chokaa, na sikuipima.”

Baba alimgeuzia sikio. Dada aliangalia sakafu.

“Yote?” Baba aliuliza.

“Yote.”

“Maji ya moto?”

“Vuguvugu. Na sabuni kidogo.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mfanyabiashara akimweleza kwa nini mizani yake imepungua. Aliomba kiti. Seremala alileta. Baba hakukikalia, alikishika mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapapasa nyuma ya kitambaa, kiganja wazi, kuanzia kiunoni kwenda juu, polepole, kisha akateremka. Alirudia mara mbili.

Dada hakuweza kuvumilia. Alifungua mkoba, akatoa chaki ya Mama ikiwa imefungwa kwenye karatasi. “Baba, tunaweza kuirudisha. Mama mwenyewe alikuwa anairudia kila mwaka. Tofauti ni nini?”

“Alikuwa anapitia juu yake,” Baba alisema. “Unajua ilikuwa wapi?”

Dada alianza kuikunja tena karatasi juu ya chaki.

“Na wewe?” Aligeuza uso upande wa Kitinda.

Kitinda alimweleza yote: tundu, mstari mwekundu, sikio, hesabu, sentimita tano. Alimweleza pia kuhusu mdudu. Baba alimsikiliza bila kumkatiza. Aliomba aonyeshwe tundu. Kitinda alimshika kidole cha shahada, kidole kigumu chenye kovu la kazi, akakiweka pale. Baba alikisogeza kulia, akakisogeza kushoto.

“Sisikii kitu.”

“Ni dogo sana, Baba.”

“Mimi ndiye niliyekuwa naweka kipimo kichwani,” alisema. “Mama yenu anachora. Nilikuwa nabonyeza nywele zake mpaka kipimo kiguse fuvu, maana alikuwa anazichana zisimame ili ziongeze. Hilo nakumbuka. Namba sikuzikumbuka. Nilisema kuna haja gani, zipo mlangoni.”

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa dakika kumi na mbili. Kitinda aliona saa ya ukutani bila kukusudia. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Dada alipiga magoti pembeni ya kiti, akaweka mkono wake juu ya goti lake. Kitinda alibaki amesimama alipokuwa, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kusogea.

Kisha Baba alisema kishushwe.

Kitinda aliuliza kama anamaanisha sasa hivi. Msimamizi wa ukumbi, aliyekuwa amesogea kutoka ofisini, alianza kusema kwamba mlango unafunguliwa saa tano, kwamba kitambaa hicho ndicho kiini cha kazi yote na kipo kwenye mabango. Kitinda alimwinulia kiganja anyamaze.

“Nilikwambia kirudi kama kilivyo,” Baba alisema. Hakupandisha sauti. “Sasa hakiwezi. Lakini kirudi.”

Seremala alipanda ngazi. Alifungua waya wa kulia, kisha wa kushoto, akakishusha kwa uangalifu kiasi kwamba hakikugusa sakafu. Kitinda alitandaza karatasi nyeupe mezani, akakilaza juu yake na kukiviringisha pamoja na karatasi ili kisipate mikunjo. Aliomba akibebe mpaka kwenye gari. Baba alisema atakibeba mwenyewe. Dada naye aliomba; akajibiwa vivyo hivyo.

Walitoka kwa njia waliyoingilia, kupitia nyumba ya sita, ya tano, ya nne. Kwenye ile ya jirani mwenye mbwa Baba alikwama kwenye pazia, na Kitinda akamwinulia. Alisema asante, mama, kama alivyomwambia siku zote.

Nje, watu wapatao kumi na watano walikuwa wamepanga foleni kivulini. Walimpisha mzee. Kabla Baba hajaingia garini, Kitinda alisema, “Nisamehe, Baba.” Baba alisimama, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari.

“Nimekusikia,” alisema.

Saa tano na dakika sita gari liliondoka. Baba alikuwa kiti cha nyuma, kitambaa kimelala magotini mwake, mikono miwili juu yake. Dada ndiye aliyegeuka kutazama.